Fundi Aliyewapima Watu kwa Omu

Nianze na tumbo lake, kwa sababu tumbo ndilo lililonifundisha umeme. Lilikuwa tumbo la haja, limebanwa ndani ya kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na mwenyewe alilitanguliza kama mtu anayepeleka zawadi kwa mtemi. Sisi vijana wa karakana, pale Tabora, tulimwita Fundi Mkuu. Cheo hicho tulimpa sisi. Kwa wakubwa Wazungu alikuwa msaidizi wa fundi wa umeme, na msaidizi alibaki mpaka siku aliyostaafu. Lakini taa zikizimika hakuna aliyemtafuta fundi. Sauti ilitoka ofisini moja kwa moja: "Mwiteni yule msaidizi!"

Siku yetu ya kwanza alitupanga mstari nje ya chumba cha betri, kila mmoja na debe la mchanga begani. Wengi wetu tulikuwa Wanyamwezi, na hapakuwa na hata mmoja ambaye babu yake hakubeba pembe hadi pwani, au ambaye hakudai hivyo. Fundi Mkuu alilijua hilo na alilitumia.

"Nyinyi ni msafara," alisema. "Mnyapara yuko nyuma, anafoka. Kufoka kwake ndiyo volti. Nyinyi mnaopita ndio ampea. Na mlango huu ndio omu."

Kisha akasimama mlangoni, akauziba kwa tumbo.

"Haya, piteni!"

Tulipita mmoja mmoja, kwa ubavu, huku vifungo vyake vikitukwaruza na mchanga ukitumwagikia shingoni. Mnyapara aliyemteua akaambiwa afoke zaidi, nasi tukasukumana na kupita haraka zaidi. Halafu Fundi Mkuu akajisogeza kando kidogo, tukamiminika kama mbuzi waliofunguliwa zizi.

"Mmeona? Gawanya volti kwa ampea, unapata omu. Gawanya kelele kwa watu waliopita, utajua tumbo langu ni kubwa kiasi gani."

"Na wati, Fundi?"

"Wati ni kazi. Zidisha volti kwa ampea. Mnyapara anayefoka bila wapagazi ni kelele tu. Wapagazi wasio na mnyapara ni wazururaji. Zidisha, ndipo mzigo unafika."

Mwenzetu mmoja akauliza kuhusu njia yenyewe. Waya je, nao si una omu zake?

"Waya usiuhesabu," alisema Fundi Mkuu. "Waya ni ardhi tu unayoikanyaga. Nani amewahi kulipa kwa kukanyaga ardhi?"

Tuliandika hivyo. Ndani ya karakana ile, ambamo waya mrefu kuliko zote ulitoka ukuta mmoja hadi wa pili, lilikuwa neno la kweli.

Baadaye nimeketi mbele ya walimu Waingereza waliovaa majoho, katika chuo cha ufundi kwenye mji ambao jua lake ni la kuazima, na nimetoka huko na diploma. Nilishika nafasi ya pili darasani, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa anarudia mwaka. Hakuna mjomba aliyenisukuma, hakuna padre aliyeniandikia. Nilitoka mtaani kwetu Mtendeni kwa akili zangu mwenyewe. Nayasema haya ili mjue ni mtu wa namna gani anayewaambia kwamba katika walimu wote wale, hakuna aliyelifundisha somo hilo vizuri kuliko lile tumbo.

Alipima kila kiumbe kwa omu. Karani wa stesheni, ambaye ukimpelekea shida yako aliipitisha bila kuuliza, alikuwa "shaba, omu sifuri". Mchungaji wa Moravian, aliyehubiri mpaka ugali ukapoa majumbani, alikuwa omu mia mbili: "Anapitisha neno, lakini polepole, na anapata joto." Mwenye duka la vitambaa jirani yetu, Mhindi mmoja mpole aliyekuwa na mke mkali, alipimwa pamoja na mkewe: "Huyu waya, yule swichi." Na mama mkwe wake mwenyewe, aliyekuwa akiishi Lusu, alikuwa mpira mtupu. "Mwekee volti za karakana nzima," alisema, "hapitishi kitu."

"Na wewe mwenyewe, Fundi?" niliwahi kumuuliza.

"Mimi? Mimi ndiyo mita."

Hakuwa na woga wa umeme, au tuseme alikuwa nao kwa saa maalumu. Karakana ilikuwa ya volti mia na kumi, kutoka dainamo yetu wenyewe, na volti hizo alizipima kwa kidole alichokilamba kwanza. Alikigusisha kwenye waya, akafumba jicho moja, akasema, "Mia na tano. Mkanda wa dainamo umelegea." Tulikwenda kuangalia, tukaukuta umelegea. Mtu huyohuyo, nyumbani kwake, hakuwa na hata globu moja. Mji ulipoletewa umeme wa volti mia mbili na thelathini, majirani wote walivuta, naye akabaki na koroboi. Mkewe alinuka mafuta ya taa hadi kwenye kitenge cha kanisani.

"Watu wananicheka sokoni," mkewe alimwambia mbele yetu, tulipokwenda kula siku ya sikukuu. "Mke wa umeme, pua nyeusi kama sufuria."

"Umeme ni kazi," alijibu. "Mwashi halali na matofali kitandani."

"Mwashi ana nyumba, baba. Ya matofali."

Akachukua kipande cha nyama, akala. Kwenye omu za mkewe hakuwahi kutamka tarakimu.

Sasa nieleze lililonikera, maana ndilo linalonifanya nimwandike. Fundi Mkuu hakuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote kwamba amepata. Alikuwa akiuliza, kwa mfano, pasi ya kulehemu iko kwenye volti mia na kumi, inavuta ampea mbili, ina omu ngapi na inakula wati ngapi. Unajibu omu hamsini na tano, wati mia mbili na ishirini. Jibu ni hilo, halina lingine duniani. Yeye anakutazama kama umemwambia habari ya msiba, kisha anasema, "Mh."

Hiyo "mh" iliwaharibu watu. Kijana mmoja kutoka Ziba, mwenye akili nzuri tu, aliisikia akadhani amekosa, akabadilisha. Akasema omu mia mbili na ishirini. "Mh." Akasema sifuri. "Mh." Mwishoni akasema pasi ile haikuwa ya umeme, na darasa zima likalala chini kwa kicheko. Fundi Mkuu hakucheka wala hakumsahihisha. Alimwacha na sifuri yake.

Mimi sikubadilisha. Nilisema jibu langu, nikakaa. Lakini nilitaka neno lile: umepata. Nililitaka kuliko nilivyotaka viatu, na wakati huo nilikuwa sina viatu.

Nilidhani nitalipata kwenye arusi. Mwenye duka la vitambaa alikuwa akimwoza binti yake, akamwomba Fundi Mkuu apambe mbele ya duka kwa taa. Globu tulizokuwa nazo zilikuwa za karakana, za volti mia na kumi, na umeme wa mjini ulikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Wapo mjini waliokwisha kuzijaribu globu za namna hiyo moja kwa moja, wakifikiri volti zikiwa mara mbili mwanga utakuwa mara mbili. Volti zikiwa mara mbili, wapagazi nao wanakuwa mara mbili, na ukizidisha unapata wati mara nne. Globu inawaka kama jua la Oktoba, halafu inakuwa vigae. Kwa hiyo Fundi Mkuu alizifunga mbilimbili, moja nyuma ya nyingine katika waya mmoja, ili kila jozi igawane volti.

Jioni ikaingia, swichi ikavutwa, duka likawaka, akina mama wa Kihindi wakapiga makofi. Ila katika jozi moja palikuwa na kituko. Globu moja ilikuwa ya wati sitini, nyingine ya wati arobaini, zilichanganywa kwa haraka. Ile ndogo ndiyo iliyokuwa ikiwaka kwa kiburi, na ile kubwa imesinzia.

"Imebadilishwa maandishi kiwandani," alisema mtu mmoja.

"Ina jini," alisema mwingine.

Nikachukua chaki, nikahesabu palepale kwenye ubao wa mlango wa duka, mbele ya wageni. Globu ya sitini inavuta zaidi kidogo ya nusu ampea ikiwa kwenye volti zake. Gawanya volti kwa ampea hizo, ni omu mia mbili na mbili. Ya arobaini inavuta pungufu ya hapo, kwa hiyo omu zake ni nyingi, mia tatu na ushee. Jumla ni omu mia tano na nne. Volti mia mbili na thelathini ukizigawa kwa hizo, inapita chini kidogo ya nusu ampea, na ni mkondo uleule katika zote mbili, maana waya ni mmoja. Penye omu nyingi ndipo volti nyingi zinapotumika kusukuma. Ndogo ilikuwa inakula wati sitini na tatu, kubwa arobaini na mbili tu.

"Penye tumbo kubwa ndipo penye jasho," nilimalizia, nikamgeukia Fundi Mkuu.

Wageni nao walimgeukia. Hata bwana arusi alimgeukia. Fundi Mkuu akaitazama ile hesabu kutoka juu hadi chini, akaitazama globu ndogo iliyokuwa ikiwaka kupita uwezo wake, akanitazama mimi.

"Itaungua kabla ya pilau," alisema. "Kabadilishe."

Nikapanda ngazi, nikabadilisha. Wallahi nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuhisi joto la kioo.

Nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza nilimfuata kumuaga. Alikuwa amelala chini ya mashine, miguu tu inaonekana.

"Fundi, naenda Uingereza kusomea umeme."

"Chukua sweta," ilisema miguu.

Hayo ndiyo yote. Nilibeba sweta.

Niliporudi, na diploma yangu ndani ya bomba la bati ili isikunjike, nilikuta amestaafu na kuhamia Lusu, kwa wakwe zake. Watu wa Tabora waliniuliza kwa nini ninakwenda kupigwa vumbi kwenye lori la pamba hadi Nzega na zaidi, mtu mwenye kazi inayonisubiri Dar es Salaam. Niliwaambia nakwenda kumsalimia mwalimu wangu. Ukweli nilikwenda kulichukua neno langu. Nilikuwa na diploma sasa. Mtu hawezi kuiambia diploma "mh".

Nilimkuta amekonda. Tumbo lilikuwa limebaki kama mfuko uliotolewa nafaka. Mkewe alinipokea kwa kelele za furaha, akanikalisha, akaenda kuchinja kuku.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Uingereza wanakula viazi."

"Inaonekana."

Nilifungua bomba, nikamwonyesha diploma. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza upande wa nyuma kuona kama kuna maandishi zaidi, akaigeuza tena.

"Karatasi nzuri," alisema. "Twende, nina kazi kwa Padre."

Misheni ndogo ya hapo ilikuwa imepata injini yenye dainamo, ikawekwa karibu na kanisa, na pampu ya umeme ikawekwa kisimani, kule chini bondeni, mbali kiasi kwamba ukiita kutoka kanisani huitikiwi. Fundi Mkuu ndiye aliyeunganisha vyote kwa waya mwembamba juu ya nguzo. Tangu siku hiyo pampu ilikuwa ikigunaguna na kutoa uzi wa maji. Tulipofika, wanawake walikuwa wamejipanga na mitungi, na bibi mmoja, bila kujali kwamba Padre alikuwa amesimama pale na kanzu yake nyeupe, alisema:

"Mashine yenu inakojoa kama mume wangu."

Padre alijifanya anaangalia mawingu, ingawa hayakuwepo.

"Pampu ni mbovu," Fundi Mkuu alimwambia Padre. "Nimekwisha kusema. Kesho ipakizwe irudishwe Dar es Salaam."

"Ikirudishwa," alisema Padre, "itakuja lini? Kiangazi kimekaza, Fundi. Bwawa limebaki tope, na hawa akina mama wanagombana na ng'ombe."

"Kitu kibovu ni kibovu."

Nikatoa mita yangu, niliyoinunua Uingereza, ndani ya mkoba wa ngozi. Nilikuwa nimeipima dainamo tulipopita: volti mia mbili na thelathini, safi. Nikaigusisha kwenye pampu ikiwa inahangaika. Mia na sabini. Nikapima mkondo: ampea kumi na mbili.

"Fundi," nilisema taratibu, maana wakwe zake walikuwa wameanza kukusanyika, "kule juu zipo mia mbili na thelathini. Hapa zimefika mia na sabini. Sitini zimekwenda wapi?"

"Mita yako imekunywa mvua ya Uingereza."

"Pima kwa kidole, basi."

Nilisema nikitania. Alikilamba kidole. Mkewe, aliyekuwa ametufuata na ndoo, alipiga kelele, "Baba wee!" naye akakirudisha mfukoni.

"Zimekwenda wapi?" niliuliza tena.

"Hazijaenda popote. Waya ni njia. Njia haili mzigo."

"Babu yako alikwenda pwani?"

"Mara nyingi! Mizigo mikubwa kuliko wewe."

"Mizigo yote ilifika?"

"Ingefikaje yote? Kila mtemi njiani alitaka hongo yake. Kwa Wagogo huko walitoza hata maji ya—"

Niliona likimwingia. Aliinua macho akaufuata ule waya, nguzo kwa nguzo, kupanda mlima mpaka kanisani.

Sikumwonea huruma, nilikuwa nimekuja kutoka mbali sana kwa ajili ya dakika hiyo. Nikaokota kijiti, nikaandika kwenye vumbi, kwa sauti, Padre na wakwe wasikie. Volti sitini zilizopotea, gawanya kwa ampea kumi na mbili: waya una omu tano. Sitini zidisha kwa kumi na mbili: wati mia saba na ishirini zinapasha moto hewa ya Lusu bure. Pampu ni nzima, inakufa njaa. Na katika stoo ya misheni niliona roli la pili la waya uleule. Ukiutandika sambamba na wa kwanza, njia zinakuwa mbili, omu zinabaki nusu.

"Ni kweli, Fundi?" Padre aliuliza.

Kila mtu alimtazama. Mama mkwe wake pia, kikongwe chenye fimbo, ambaye sasa niliamini ni mpira mtupu. Fundi Mkuu akifuta jasho kwa kiganja alisema, "Leteni roli."

Tulifanya kazi hiyo mpaka jua likaanza kulainika. Mimi nilipanda nguzo, yeye alisimama chini akinifokea jinsi ya kukaza. Injini ikawashwa. Pampu ilikohoa, ikanguruma, halafu maji yakaruka kwa kishindo, yakamwagia Padre kanzu kutoka kiunoni hadi chini. Wanawake walipiga vigelegele. Nikapima: kwenye pampu volti mia mbili na tano, ampea kumi, na waya ulikuwa unakula wati mia mbili na hamsini tu.

"Kumbe ilikuwa nzima!" Padre alisema, akikamua kanzu. "Nani aliyegundua?"

Nilifungua kinywa.

"Huyu kijana," alisema Fundi Mkuu, akinishika bega mbele ya wakwe zake wote, "nimemfundisha mimi. Umeme wote anaoujua aliupata kwangu. Uingereza walimwongezea viazi."

Vigelegele vikapigwa tena, na vyote vilikuwa vyake. Bibi yule wa mitungi alimkumbatia. Mimi nilibaki na matope magotini na mita mkononi, mtu mwenye diploma, nikipewa pole ya uchovu.

Tulirudi nyumbani. Kuku alikuwa tayari. Nilinawa, nikakaa, nikasema kwamba lori linaondoka kesho alfajiri na mimi nitaondoka nalo. Mkewe alilalamika. Fundi Mkuu alimega ugali, akauchovya, akautafuna kwa muda mrefu kama mtu anayesubiri ugali umalize kusema.

"Taa za kanisani," alisema, bila kunitazama.

"Zina nini?"

"Zinafifia kwaya ikianza. Padre akiwasha kinanda chake, zinafifia. Nimejaribu kila kitu." Akanywa maji. "Zimenishinda."

Mkewe, aliyekuwa akinimiminia mchuzi, alisimamisha mkono hewani. Katika karakana nzima, katika miaka yote ya "mh", hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake. Globu haikumshinda, dainamo haikumshinda, mama mkwe hakumshinda.

"Zimekushinda?" niliuliza.

"Nimesema zimenishinda. Au viazi vimekuziba masikio?"

Alfajiri nilisikia lori likipiga honi barabarani, mara kwa mara, dereva akiniita. Fundi Mkuu alikuwa tayari mlangoni, amevaa kaptula yake ya kaki iliyokuwa pana kwake sasa, na ameubeba begani ule mkoba wa ngozi wenye mita yangu.

"Lori lako," alisema.

"Nalisikia," nilisema. "Tupitie njia gani kwenda kanisani?"